Jina la Gwakisa

Msiba wa mwanangu ng'ombe ndiye aliyeula. Naliweka wazi mapema, maana hapa Uyole habari hiyo imesimuliwa kwa namna nyingi, na wengine wamenitia mdomoni maneno ambayo sikuyasema.

Ilikuwa hivi. Nilitoka sokoni na magunia yangu matupu ya viazi, nikakuta turubai limefungwa uani kwangu, viti vya kukodi vimepangwa, na shemeji yangu Andendekisye, kaka mkubwa wa mume wangu, amesimama mlangoni kama mwenye nyumba. Ndani wanawake wanalia. Sebuleni, juu ya mkeka, kimelala kitu kirefu kilichofunikwa shuka jeupe. Nikajua wamempata Gwakisa, mwanangu aliyepotea. Nikapiga magoti, nikafunua shuka upande wa kichwani, nikakutana na mgomba.

Mgomba kweli, umekatwa urefu wa mtu mzima na kuvalishwa shati la Gwakisa la kitenge. Shemeji aliutoa Tukuyu, akaupakia kwenye buti la basi na kuulipia kama mzigo. Katika ukoo wetu si jambo la ajabu. Mtu akipotea na mwili wake usionekane, wazee hukata mgomba, ukaliliwa, ukazikwa, watu wakapumzika. Nami nimewahi kulia migomba ya wenzangu, tena kwa sauti. Lakini huu ulikuwa wa kwangu, na mwanangu alikuwa hajafa.

Nikaingia jikoni nikachukua panga. Wanawake wakadhani nimerukwa na akili, wakatawanyika kila mmoja na kanga yake. Nikalivua lile shati kwanza, nikaliweka begani. Kisha nikauburuta mgomba mpaka zizini, nikaukatakata, nikamtupia ng'ombe. Ng'ombe wetu hana makuu. Alikula maiti yote mbele ya waombolezaji.

"Gwe mwanamke!" shemeji alipiga kelele. "Unamlisha ng'ombe mtoto wetu?"

"Mtoto wetu yuko Chunya, shemeji. Huu ni mgomba."

Mume wangu Anania alikwenda kufungua turubai, peke yake, kona moja baada ya nyingine.

Gwakisa ni kifungua mimba wetu. Alisomea ualimu pale Iringa, ajira zikagoma, akakaa nyumbani mpaka akaona aibu kula chakula chetu. Akaenda Chunya kuchimba dhahabu. Mwezi Januari, mvua zikiwa zimekolea, duara likatitia. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Wenzake walitolewa, wengine hai, wengine maiti. Yeye hakutolewa. Maji yakajaa, pampu zikashindwa, wakasema udongo umelegea na atakayeshuka tena atabaki humo. Wakaanza kufukia mdomo wa shimo. Mimi na Anania tulikuwa tumesimama palepale. Nilimshika mkono kijana mmoja mwenye koleo nikamwambia, "Mwanangu, subiri kidogo." Alinitazama kwa huruma, halafu akaendelea.

Wakati tunaondoka, mchimbaji mwingine akasema neno lililoniponza. Alisema anadhani alimwona Gwakisa akipanda juu kutafuta betri za tochi, muda mfupi kabla ya shimo kutitia. Mwenzake akambishia kwamba siku ile ilikuwa nyingine. Mimi sikutaka kumsikia huyo wa pili. Niliondoka Chunya na betri za tochi moyoni, na mfa maji haachi kutapatapa.

Nikaanza kutafuta. Mtu akisema kuna kijana amepoteza kumbukumbu Makongolosi, mimi huyo. Akisema wameonekana vijana wanavuka mpaka Tunduma, nimefika, picha mkononi, naisimamisha kila lori. Nilikwenda mpaka kwa nabii mmoja kule Soweto ya Mbeya mjini. Akafumba macho akasema, "Namwona. Yu hai. Yuko katika nyumba isiyo na madirisha." Nikamuuliza nyumba hiyo iko mtaa gani. Akasema nifunge na kuomba. Nikafunga hadi nikaanguka shambani. Niliporudi akaniambia nimefunga kwa mashaka, ndiyo maana mlango haufunguki. Nilitoka pale nimekonda, tena nimebeba hatia.

Msinifikirie nilikuwa mcha Mungu wakati huo. Niliomba, ndiyo, lakini sala zangu zilikuwa za kumkaba mtu shingoni. Wewe Kyala, nilimwambia, ulimfufua Lazaro aliyekwisha kunuka, ukamrudishia yule mama mjane kijana wake akiwa njiani kwenda kuzikwa. Mimi nimekukosea nini? Nilikuwa nasema hivyo napalilia, nasema hivyo napika, mpaka majirani wakazoea kunisikia nagombana na mtu wasiyemwona. Mungu hakunijibu. Nilichukia ukimya wake kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Ndani ya nyumba yangu alikuwepo mtu mwingine aliyekuwa anazama, na mimi nilikuwa nampita. Lea, mke wa Gwakisa. Ni binti wa Igowole, kule Mufindi, Mlutheri wa kuzaliwa, mpole, sauti yake ya kuimba inakufanya usahau ulichokuwa unakifanya. Walikutana chuoni. Wana mtoto mmoja, Happy, anayeanza kusema. Siku ile tuliyorudi Chunya, wanawake wa ukoo walimfunga Lea kitambaa cheusi kichwani. Kitambaa hicho kwetu hufunguliwa baada ya mazishi. Sasa mazishi yakaliwa na ng'ombe. Basi Lea akabaki nacho. Haendi kwaya, haendi shamba, haendi kwao. Akisalimiwa anaitikia akiwa amekaa chini. Kila mara binti huyo aliponitazama, nilijifanya natafuta kitu kabatini.

Wiki moja kabla ya Pasaka akaja baba yake, Mzee Benjamini, kutoka Igowole. Alileta maharage na majani ya chai, akakaa, akauliza hali zetu zote, na za ng'ombe. Ni mtu wa taratibu. Alipomaliza chai yake akaweka kikombe chini.

"Mkwe," akaniambia, "mimi sikuja kwa ugomvi. Pole yako ni pole yangu. Ila binti yangu hapa sijui ni mke au ni mjane. Mwenyewe hajui. Nikienda naye hivi, nimemwiba mke wa mtu. Nikimwacha, nimemtupa. Niambie, mkwe, mimi nifanye nini?"

Nilinyanyuka nikatoka nje, naye akabaki kwetu akisubiri jibu.

Sasa niwaeleze kuhusu Pasaka yetu, maana hapo ndipo kila kitu kilipokutana. Sisi ni Wamoraviani. Alfajiri ya Pasaka hatuanzii kanisani, tunaanzia makaburini. Giza likiwa bado halijaachia, wapiga tarumbeta wanapita mitaani kuwaamsha watu, halafu tunakwenda wote. Kila familia inasimama kwenye makaburi yake, nyuso zetu mashariki, tunalisubiri jua. Na katika ushirika wetu kuna hili: mchungaji anapita familia hadi familia, anasimama kimya, na kama kuna aliyelala tangu Pasaka iliyopita, mmoja wa familia analitaja jina lake kwa sauti. Watu wote wanaitikia, "Bwana amefufuka, naye atafufuka." Jina linatajwa Pasaka hiyo moja tu. Ikipita bila jina kutajwa, imepita, na kwa wengi wetu hiyo inauma kuliko kukosa jeneza zuri.

Ndugu wote walikuwa wananitazama mimi. Nikilitaja jina la Gwakisa, amekufa. Lea atafunguliwa, shemeji atapumua, na mimi nitakuwa nimemfukia mwanangu kwa mdomo wangu, kama yule kijana wa koleo. Nisipolitaja, na kumbe kweli yuko chini ya kile kifusi, basi nimemwacha huko bila hata kuitwa pamoja na wenzake.

Mchungaji wetu, Jackline, mwanamke kijana ambaye ningeweza kumzaa, alinikuta shambani Ijumaa Kuu baada ya ibada. Nilimuuliza bila salamu.

"Mchungaji, nikitaja jina naye yuko hai, itakuwaje?"

"Sijui, mama."

"Na nisipotaja naye amekufa?"

"Hilo nalo sijui." Alisimama na viatu vyake vya ibada ndani ya tope la viazi. "Mama Gwakisa, mimi sitakulazimisha. Jumapili nitafika kwenye makaburi yenu, nitanyamaza, nitakusubiri. Ukinyamaza nitaenda mbele."

Wote walionijia tangu Januari walikuwa wanajua. Shemeji alijua amekufa, nabii alijua yu hai. Huyu alikuwa wa kwanza kukubali kwamba hajui, na nikamshukuru kimoyomoyo, ingawa kwa mdomo nilimwambia atazame asinikanyagie viazi.

Jumamosi watu walikwenda kufyeka makaburi na kuyapaka chokaa. Mimi nilibaki jikoni na Lea, tunamenya viazi. Happy alikuwa amelala mgongoni kwake. Nikasema, ilimradi niseme, "Baba yako amechoka kusubiri."

"Mama, hata mimi nimechoka," alisema Lea.

Kisu changu kikasimama. Lea hajawahi kunijibu hivyo.

"Mama usikasirike. Mimi kila asubuhi naomba Gwakisa arudi. Jioni akiwa hajarudi, namchukia Mungu. Asubuhi naomba tena. Jioni namchukia tena. Sasa naogopa, mama. Naona nitabaki na chuki peke yake, halafu Happy atanyonya hiyo."

"Kwa hiyo unasema Mungu hawezi kumrudisha?"

"Anaweza. Ila mimi kila siku namwambia jibu, halafu nakasirika amekosea. Nataka kuacha kumpangia." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nataka niombe tu asimwachie. Hapo alipo. Hata kama ni chini."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulinyanyuka. Halafu nikaona kile kitambaa cheusi, kimepauka kwa moshi na kufuliwa, kimeacha alama kwenye paji la uso wake, na mkono ukarudi wenyewe kwenye ndoo ya viazi. Nililia. Sikulia Chunya, sikulia Tunduma, niliyekuwa namlilia sasa sijui alikuwa ni yeye, mimi au Gwakisa. Lea hakunibembeleza. Aliendelea kumenya, na mimi nikaona hilo ndilo lililonifaa.

Alfajiri tarumbeta zikaja. Anania ndiye mpiga besi, lile dude kubwa linalomzunguka kiwiliwili, na miaka yote naisikia besi yake kwanza kuliko zote. Tukatoka. Baridi ya Uyole mwezi wa nne inaingia mpaka kwenye meno. Tulisimama kwenye makaburi ya akina Anania: mama yake, baba yake, mtoto wetu mmoja aliyekufa mchanga. Pembeni mwa mama yake, mume wangu alikuwa amefyeka kipande cha majani bila kuniambia. Hakukichimba, alikifyeka tu. Nikamtazama, akatazama tarumbeta yake.

Mchungaji Jackline akasoma habari ya wale wanawake waliokwenda kaburini alfajiri na manukato yao, wakakuta maiti haipo. Kila mwaka nasikia habari hiyo na kila mwaka nafurahi. Mwaka huu nilikasirika. Wao walikuwa angalau na kaburi, nilisema moyoni. Walijua pa kwenda. Mimi nipeleke wapi manukato yangu, kwenye majani aliyofyeka Anania?

Mchungaji akaanza kupita. Familia ya kwanza ikataja bibi yao. "Bwana amefufuka, naye atafufuka," tukaitikia. Ya pili ikataja mtoto. Ya tatu haikuwa na mtu, akasogea. Kisha akaja kwetu, akasimama, akanyamaza.

Shemeji Andendekisye akakohoa, nikajua anataka kulitaja yeye. Nikanyoosha mkono kumzuia, lakini mdomo wangu haukufunguka. Mchungaji alisubiri. Watu walianza kusogezasogeza miguu. Nikaona uso wake unageuka taratibu kuelekea familia inayofuata.

Hapo Lea akageuka. Watu wote wamekabili mashariki, yeye akayapa makaburi mgongo, akakabili milima, kule barabara ya Chunya inakopandia. Nadhani kwao Igowole hawafanyi hivyo, na kwetu pia hatufanyi. Alisimama tu, mtoto mgongoni, anaitazama milima ile iliyokuwa bado nyeusi. Mwanamke mmoja akamnong'oneza kwamba amekosea upande. Hakusikia, au hakujali.

Nami nikatazama alikotazama. Kwa mara ya kwanza nikaruhusu macho yangu yavuke milima ile, yashuke upande wa pili, yafike kwenye lile shimo lililofukiwa. Tangu Januari nilikuwa nafika pale naishia kwenye betri za tochi, nageuza njia. Sasa nikasimama pale. Kama yuko humo, yuko gizani na maji na mawe, na hakuna aliyemwoshea mwili. Lakini nilifikiri: hivi jua hili tunalolisubiri hapa, kule halifiki? Na yule aliyetoka kaburini siku ya Pasaka, mlango wake si ulikuwa umezibwa kwa jiwe, na askari juu yake? Kuna kifusi kipi anachokiogopa? Na kama Gwakisa hayuko humo, kama yuko katika nchi nyingine amesahau jina lake mwenyewe, huko nako si kwa huyohuyo? Nilikuwa nimemtaka Mungu achague, hai au maiti, anijibu leo. Kumbe popote mwanangu alipo, tayari alikuwa mikononi mwa mmoja.

Nikageuka, nikasimama bega kwa bega na Lea. Nikasikia vishindo vya Anania nyuma yangu, na mdomo mpana wa tarumbeta yake ukatokea pembeni mwa sikio langu, umeelekea milimani.

"Gwakisa!" niliita. Haikuwa sauti ya ibada. Ilikuwa ile niliyokuwa nikimwitia shambani chakula kikiwa tayari. "Gwakisa Anania! Bwana, huyo ni wako. Kama amelala, utamwamsha wewe. Kama anatembea, utamwongoza wewe. Mimi nimeshindwa. Mimi nimechoka, Bwana. Mchukue."

Haikuwa namna ya kutaja jina, na watu hawakujua kama waitikie. Kisha mchungaji akaitikia peke yake, na Mzee Benjamini na Ulutheri wake akaitikia, na watu wote wakafuata: "Bwana amefufuka, naye atafufuka." Anania akapiga besi. Alipiga vibaya, pumzi zikimkatika kwa kilio, nota mbili tatu zilizopotea njia, lakini hakuacha mpaka wimbo ukaisha.

"Sasa hapo umemzika au hujamzika?" shemeji aliniuliza, na safari hii hakuwa na ukali.

"Hata mimi sijui, shemeji," nilimjibu.

Nikamwinamisha Lea, nikalifungua fundo la kitambaa kwa meno, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Wanawake wa ukoo waliguna. Hiyo ni kazi yao, tena si mahali pale. Niliwaacha wagune. Nywele za Lea zilikuwa zimelala kama majani yaliyofunikwa na jiwe.

Sitawadanganya kwamba nilirudi nyumbani na furaha. Nilirudi nimelegea kama mtu aliyeugua malaria. Kila hatua niliona natembea mbali naye. Nilipika, tukakaa mezani: Anania, Lea, Mzee Benjamini, Happy, na mimi. Nikapakua. Tangu Januari, kila mlo, nilikuwa napakua sahani moja ya ziada na kuifunika, na hakuna aliyethubutu kuniuliza, wala asubuhi nilipomwaga kile chakula. Mkono uliipakua tena kwa mazoea. Niliishika ile sahani, mvuke unapanda, na wote wakaacha kula.

Nikaisukuma mbele ya Mzee Benjamini, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaisafisha ya kwake.

"Kula, mkwe," nikamwambia. "Kesho mna safari ndefu."

Akanitazama, akamtazama binti yake. Kisha akanawa mikono upya, akainamisha kichwa akaiombea sahani ile peke yake, akala yote mpaka punje ya mwisho.